Kabla ya Dawa, Tazama Nani Anamfukuza Nani

Katika matangi ya samaki ya Mbeya, Iringa na Njombe, samaki anayeitwa mgonjwa mara nyingi amepitia mambo matatu kwa mfuatano: amepigwa na mwenzake, baridi ikamkuta hana nguvu, kisha vimelea vikapata nafasi. Mwenye tangi huona hilo la tatu tu, maana ndilo lenye madoa na vidonda, akaenda kutafuta dawa. Samaki anapata nafuu siku mbili tatu, halafu anarudi palepale, kwa sababu anayempiga bado yumo na maji bado yana baridi. Tunaofuga huku nyanda za juu tumejifunza kuanzia upande wa pili: kwanza nani anamfukuza nani, pili kipimajoto, tatu maji yenyewe, na dawa mwisho kabisa.

Samaki wanaofaa kuzungumziwa zaidi ni mbuna, wale wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa. Ziwa lenyewe haliko mbali. Kutoka Mbeya mjini unapita Uyole, unashuka Tukuyu, unafika Kyela na Matema. Wana rangi za kuvutia na hawasumbui kwa chakula, ila kila dume mzima anataka jabali lake na atalipigania. Ziwani anayeshindwa huogelea mita chache akatoka kwenye mipaka ya mwenzake, na ugomvi umeisha. Kwenye tangi la sentimita 100 hakuna pa kwenda. Aliyeshinda anaendelea kumfuata aliyeshindwa kutwa nzima, na huyo aliyeshindwa hufa hata bila jeraha kubwa: anakufa kwa kutokula na kutopumzika.

Kulisoma tangi

Kaa mbele ya tangi dakika 20 bila kutikisika. Dakika tano za kwanza hazina maana, kwa sababu samaki wote wanakuja kiooni wakidhani umeleta chakula. Wakishakusahau ndipo utaona mambo yao. Anayeonewa yuko juu, kwenye kona, nyuma ya hita au bomba la filta. Mapezi ameyabana mwilini, rangi imefifia au imegeuka nyeusi kuliko kawaida yake, mkia umeraruka na ubavuni pana magamba yaliyong'oka. Tupa chakula kidogo umwangalie yeye peke yake. Akisogea, akatazama, kisha akarudi kwenye kona bila kula, huyo ana njaa ila anaogopa. Mgonjwa wa kweli hasogei kabisa, au anakitia chakula mdomoni na kukitema.

Mkia nao una habari zake. Uliong'atwa una kingo safi zenye pembe, na ukimtenga samaki kwenye maji safi unaanza kuota upya bila dawa yoyote. Unaooza una ukingo mweupe au mwekundu unaosogea siku hadi siku kuelekea mwilini. Hali ya kwanza ikiachwa huzaa ya pili, kwa hiyo usisubiri ukingo ubadilike rangi ndipo uchukue hatua.

Wakihema wote juu ya maji, tatizo ni hewa au maji, si ugonjwa wa mmoja. Akihema mmoja tu, ama matamvua yake yameshambuliwa, ama amefukuzwa hadi akachoka. Wakijisugua wote kwenye mawe siku ileile uliyobadilisha maji, fikiria klorini kabla hujafikiria minyoo. Wakijisugua wawili watatu kwa siku kadhaa, hapo ndipo vimelea.

Wapo pia wazima wanaotibiwa bure. Jike la mbuna hubeba mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu. Katika muda huo hali, anajificha, kidevu kimevimba, na anatafunatafuna pasipo chakula. Ukimtia dawa au ukamkamata kwa pupa, anatema mayai yote. Kwa wafugao samaki dhahabu, dume aliye tayari kuzaliana hutoa vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Vipele hivyo vimejipanga vizuri na haviendi kwingine mwilini. Vidoa vyeupe vya ugonjwa, vile vinavyoletwa na vimelea, vinatapakaa popote, mkiani, mgongoni, hata kwenye jicho.

Baridi, mwinuko na umeme

Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Njombe iko juu zaidi. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 23 hadi 28 mwaka mzima. Samaki hawezi kutengeneza joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, tumbo lake linasaga chakula polepole na kinga yake inazubaa, huku vimelea kadhaa vikivumilia baridi vizuri kuliko yeye. Mwezi Juni na Julai, chumba kisicho na moto kikishuka chini ya nyuzi 15 usiku, tangi dogo lisilo na hita hufuata kabla hakujakucha.

Maboksi mengine ya hita yanapendekeza nusu wati kwa lita moja ya maji, hesabu inayofaa nyumba yenye joto. Huku anza na wati 1 kwa lita. Kwa tangi la lita 200, hita mbili za wati 100 ni bora kuliko moja ya wati 200. Moja ikikwama katika hali ya kuwaka haina nguvu ya kuwachemsha samaki, na moja ikifa nyingine inazuia maji yasipoe haraka. Hita hukwama zaidi baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa, kwa hiyo kipimajoto cha kioo cha bei ndogo ni lazima kiwemo tangini, tena upande wa mbali na hita. Na ukitaka kupunguza maji, chomoa hita kwanza uiache ipoe. Kioo chake kikiwa kikavu na cha moto, kikiguswa na maji ya baridi kinapasuka.

Mwinuko unachukua kitu kingine ambacho hakionekani. Kwa joto lilelile, maji ya Mbeya yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya pwani, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Maelekezo ya kupandisha joto hadi nyuzi 30 ili kutibu vidoa vyeupe hayakuandikwa yakifikiria Uyole. Joto nalo hupunguza oksijeni, kwa hiyo huku hupandishi kabla hujaongeza jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu ya pampu) la pili na kuinua mdomo wa filta ili uvunje uso wa maji.

Umeme ukikatika usiku, lifunike tangi kwa blanketi pande tatu na uache nafasi juu. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya lita 1.5, funga vizuri, iweke ielee, na ubadilishe ikipoa. Lengo ni kuzuia maji yasiendelee kushuka, si kuyarudisha nyuzi 26 kwa saa moja. Pampu ndogo ya hewa ya betri ina thamani kuliko chupa zote za dawa zilizo kabatini. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, filta ya ndoo iliyofungwa ifunguliwe na kusuuzwa kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa, kwa sababu bakteria wa ndani wanaosafisha maji wamekosa hewa, wengine wamekufa, na maji yale yakitemwa tangini yanaleta sumu. Siku hiyo usilishe.

Na jambo la jiko la mkaa. Watu huliingiza ndani ili kupasha chumba. Ukifunga mlango na madirisha, hewa ya sumu isiyoonekana inaua watu kabla ya samaki. Usifanye hivyo kwa ajili ya tangi wala kwa ajili yako. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo, pampu ya hewa inaivuta chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Zima pampu, funika tangi, na usiwashe mpaka chumba kipate hewa safi.

Maji kabla ya chupa

Kipimo cha amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, kinatakiwa kisome sifuri. Kikisoma vinginevyo, kila dawa utakayoongeza ni mzigo. Badilisha nusu ya maji leo, robo kesho, na upunguze chakula. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla bakteria wa filta hawajatosha, na kipindi hicho ndicho ambacho wengi huhesabu vifo na kulaumu aliyewauzia. Kama huna vifaa vya kupimia, badilisha nusu ya maji hata hivyo. Ni tiba yenye hatari ndogo kuliko zote, mradi maji mapya yawe na joto lilelile na hayana klorini. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yakae kwenye ndoo wazi kwa saa 24, yakipigwa na jiwe la hewa.

Maji mengi ya vijito vya milimani na yale ya mvua yaliyovunwa kwenye bati, hasa upande wa Tukuyu ambako mvua haikatiki, ni maji laini yenye madini machache. Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, watachoka nayo, mbuna watachoka zaidi, maana ziwa lao lina pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ya kati ya 7.7 na 8.6. Tena bakteria wa filta wanakula ule uwezo wa maji wa kuzuia tindikali. Maji laini yanaishiwa, pH inaporomoka, na samaki wanazubaa bila kidonda chochote. Tiba ya kudumu ni kokoto za mawe ya chokaa, zilizooshwa na kutiwa kwenye soksi ya nailoni ndani ya filta. Bonde la Songwe lina mawe hayo kwa wingi. Dondoshea ndimu juu ya jiwe: likitoa povu ni chokaa. Lakini pH iliyokwisha kuporomoka ipandishwe taratibu kwa siku kadhaa, na baada ya kubadilisha maji. Kwenye tindikali amonia hutulia katika hali isiyodhuru sana. pH ikiruka ghafla, amonia ileile inageuka sumu kali na kuua tangi zima kwa usiku mmoja.

Anayepaswa kutolewa ni mgomvi

Watu wengi humtoa aliyepigwa, wakamweka ndooni, akapona, wakamrudisha, akapigwa tena siku hiyohiyo. Amerudi akiwa mgeni kwenye nchi ambayo mwenzake hakuwahi kuipoteza. Mtoe mgomvi. Akikaa nje wiki mbili, mipaka yake inachukuliwa na wengine, na akirudi ndiye mgeni. Aliyepigwa abaki tangini kama anaweza kula na hana kidonda kilicho wazi. Kama hali chakula au ana kidonda, basi watolewe wote wawili kila mmoja mahali pake.

Kumkamata mgomvi mchana ni kazi ya kuchosha na inawatia hofu wote. Subiri taa zizimwe saa moja au mbili, umulike kwa tochi, umtoe kwa nyavu mbili: moja imesimama, nyingine inamsogeza. Akiwa kwenye mawe, toa mawe. Mawe yenyewe ungeyatoa hata hivyo, kwa sababu kupanga upya mawe yote ni nusu ya dawa ya ugomvi. Kila mmoja anaanza kutafuta makazi upya na hakuna mwenye haki ya zamani. Yapange yaguse kioo cha chini, juu ya kipande cha sponji au plastiki, na mchanga uje baadaye. Mbuna wanachimba, na jiwe lililolala juu ya mchanga litawaangukia. Mawe mepesi ya volkano yaliyojaa huku kwetu yana ncha kali zinazochana samaki anayekimbia. Bora yale ya mtoni yaliyolainishwa na maji. Yasuguliwe kwa brashi na kumwagiwa maji ya moto. Usiyachemshe kwenye sufuria, jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka.

Kuna sababu za kudumu ambazo mawe hayatatui. Dume mmoja na jike mmoja ni hukumu ya jike. Weka dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Madume wawili wa rangi moja hata kama ni wa aina tofauti watagombana kuliko wawili wa rangi zisizofanana. Melanochromis auratus, yule mbuna mwenye milia, ni mdogo na mzuri dukani, lakini dume wake mzima hafai kuwekwa na wapole wala kwenye tangi dogo. Labidochromis caeruleus wa njano ni mtulivu kuliko mbuna wengi. Idadi nayo ina mchezo wake: samaki wanne au watano kwenye tangi la lita 200 watampata mmoja wa kumwonea, ilhali 15 hugawana vipigo hivyo hakuna anayepata vyote. Gharama ya idadi hiyo ni filta kubwa na kubadilisha maji theluthi moja kila wiki, bila kuruka. Asiyeweza kazi hiyo achague samaki wengine. Halafu joto: kwenye nyuzi 27 mbuna wana hasira, kwenye 24 au 25 wanatulia, na wanabaki na afya.

Chumba cha wagonjwa

Hakuna haja ya tangi la pili la kioo. Beseni au ndoo kubwa ya plastiki ya lita 40, ambayo haijawahi kushika sabuni wala dawa ya mifugo, inatosha. Ndani yake weka hita ya wati 50, kipimajoto, filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na kipande cha bomba la PVC la inchi 3 cha kujifichia. Hakuna mchanga, ili uone choo cha mgonjwa. Juu funika kwa chandarua, maana samaki mwenye hofu huruka. Sponji isinunuliwe siku ya ugonjwa. Ikae siku zote ndani ya tangi kubwa nyuma ya mawe ikikusanya bakteria, uihamishe ikiwa tayari. Jaza kwa maji ya tangi kubwa kama ni safi, na ubadilishe theluthi kila siku.

Kwa mdogo aliyepigwa ambaye hahitaji kutengwa mbali, chujio la plastiki la kuoshea mboga lielee ndani ya tangi kubwa likiwa limefungiwa vipande vya ndala kuukuu pembeni. Anapata maji yaleyale, joto lilelile, na wenzake wanaendelea kumwona, jambo linalosaidia siku ya kumwachia. Halifai kwa samaki anayetakiwa kutiwa dawa.

Chumvi ndiyo dawa ya kwanza kwenye beseni hilo. Gramu 2 kwa lita zinapunguza kazi ya mwili wa samaki ya kupigana na maji yanayoingia kupitia kidonda, na zinazuia nitriti isiingie kwenye damu. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 40. Pima kwa mizani; kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito sawa. Iyeyushe pembeni, uigawe mara tatu ndani ya saa 24. Hofu ya madini joto yaliyo kwenye chumvi ya mezani imezidishwa, kiasi chake ni kidogo mno, lakini chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu ni bora na ni rahisi. Linalokosewa kila mara ni hili: maji yakikauka chumvi haiondoki, kwa hiyo kujazia unajazia maji matupu, ukimwaga lita 7 na kuweka lita 7, unaongeza gramu 14 tu, si 40 upya.

Vidoa vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya chumvi ni vimelea vinavyoitwa Ichthyophthirius multifiliis. Ugumu wake ni kwamba kilicho ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa. Kinakomaa, kinaanguka chini, kinagawanyika, na wale watoto wanaoogelea kutafuta samaki ndio wanaokufa kwa chumvi au dawa. Kwenye nyuzi 25 mzunguko huo huisha ndani ya wiki moja hivi. Kwenye maji ya baridi ya huku unaweza kuchukua wiki kadhaa, na ndiyo sababu anayetibu bila hita anaacha dawa mapema na ugonjwa unarudi. Pandisha joto kwa nyuzi moja kila baada ya saa chache hadi 29 au 30, chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, hewa nyingi, na uendelee siku kumi hadi kumi na nne hata kama vidoa vimetoweka siku ya tano. Ugonjwa huu unatibiwa kwenye tangi zima, si beseni peke yake, kwa kuwa watoto wake wamo majini kila mahali. Mimea mingi ya majini haitapenda chumvi hiyo, itoe kwanza.

Tumbo

Mbuna anayeacha kula, anayetoa choo cheupe chembamba kinachoning'inia, kisha tumbo likavimba, ana ugonjwa unaoua haraka. Huwapata zaidi wanaoonewa na wanaolishwa vibaya. Mbuna wengi ziwani hukwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wao ni mrefu na haukuumbiwa nyama. Maini na nyama ya ng'ombe visiingie tangini. Usipa (dagaa wa Nyasa) uliosagwa uwe kidogo na kwa nadra. Wape chembe za chakula chenye spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, na njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda, ambazo nyanda hizi hazijawahi kuzikosa.

Akiwa bado anakula, au ameacha kula jana tu, kuna nafasi. Metronidazoli, vidonge vilevile vya binadamu vya miligramu 200, hutumika kidonge kimoja kwa lita 30 za maji ya beseni. Saga vizuri, koroga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina, na zima taa kwa kuwa mwanga hupunguza nguvu ya dawa. Kesho yake badilisha theluthi hadi nusu ya maji na urudie, kwa siku tatu hadi tano. Usiitumie kwa kubahatisha kwenye mkia uliong'atwa; haisaidii, na unapoteza dawa. Mchuuzi wa dawa akikuuliza mgonjwa ana umri gani, mwambie ukweli, mtacheka wote.

Magamba yakisimama kama koni ya msonobari wa Sao Hill na macho yakitoka, figo zimekwisha, na wanaopona ni wachache sana. Chumvi ya Epsom, ile ya haluli, kijiko cha chai kimoja kwa lita 20, inaweza kupunguza uvimbe kwa siku chache. Ikishindikana, mafuta ya karafuu ndiyo njia ya huruma: matone kumi kwa kila lita ya maji, yatikiswe kwanza kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu hadi yawe meupe, kisha umimine. Samaki analala ndani ya dakika chache. Mwache nusu saa baada ya matamvua kusimama.

Wageni kutoka Kyela

Magonjwa mengi huingia na samaki mpya, kwa hiyo wiki tatu hadi nne kwenye beseni pembeni hazina mjadala. Lakini safari yenyewe ina mitego. Mfuko uliojazwa hewa hadi kukaza kule Kyela unavimba kadiri gari linavyopanda, na ukifika Mbeya unaweza kupasuka kwenye fundo. Uachwe na ulegevu. Uwekwe ndani ya boksi la foimu, kwa sababu Tukuyu na Kiwira zina ukungu na baridi hata mchana. Ukifika, uelee kwenye beseni dakika 15 hadi 20 joto lilingane, ufungue, umchukue samaki kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa mbili baada ya kufungua ni kumdhuru: hewa chafu iliyokuwa inashusha pH inatoka, pH inapanda, na amonia ya safari nzima inaamka akiwa ndani yake.

Kumrudisha

Aliyepigwa anarudi kwanza, akiwa anakula kwa fujo na mkia umeanza kuota ile ngozi angavu pembeni. Mpe siku tatu nne achague pango. Mgomvi anafuata, usiku, taa zimezimwa, mawe yamepangwa upya tena, na wenzake wameshiba. Asubuhi taa ziwashwe kwa kuchelewa. Kufukuzana kwa sekunde chache siku hiyo ni kawaida. Linalohesabika ni kama anayefukuzwa anaachwa akitoka kwenye eneo. Akifuatwa hadi kona ya juu na kuendelea kung'atwa, usingoje jioni.

Kizuizi cha kati kinasaidia kwa muda: wavu mgumu wa plastiki uliokatwa kwa upana wa tangi, umebanwa kwa mawe chini na vibanio juu, matundu madogo kuliko kichwa cha samaki mdogo kabisa, maji ya filta yakipita pande zote mbili. Angalia ukingo wa chini kila siku, maana mbuna atachimba njia.

Wapo madume wasiobadilika hata baada ya kutolewa mara mbili. Huyo apewe mwenye tangi kubwa lenye samaki wakali wenzake, au akae peke yake, na akiwa peke yake anakuwa mpole wa kushangaza na anakula mkononi. Usimwachie mtoni wala bwawani. Mito ya upande mmoja wa Mbeya inakwenda Usangu na Ruaha, Songwe ya kaskazini inaingia Ziwa Rukwa, na samaki wa Nyasa si wa huko. Hata kumrejesha Matema hakufai, kwani amekaa na samaki wa maduka kutoka nchi mbalimbali na anaweza kuwa amebeba vimelea ambavyo ziwa halijavijua. Mwenye tangi kubwa akikosekana na nafasi nyumbani haipo, mafuta ya karafuu yale yale yanafaa.